Watoto Watatu, Meza Moja: Kupanga Mtaala wa Nyumbani kwa Ndugu wa Umri Tofauti

Tulipoanza kusomea nyumbani, kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 13 na alikuwa Gredi ya 7. Wa kati alikuwa na miaka 9, Gredi ya 4, na kitinda mimba alikuwa na miaka 6, Gredi ya 1. Tunaishi Kilifi, nami ni fundi cherehani ninayeshonea hapa hapa nyumbani. Aliyetuleta kwenye njia hii ni huyo wa kati. Ana selimundu (sickle cell), na mwaka aliokuwa Gredi ya 3 maumivu yalimlaza mara nyingi sana. Kila akirudi darasani, wenzake walikuwa wameshafika mbali, naye akaanza kujiona hana akili. Nilipoamua kumfundisha mwenyewe, ndugu zake nao wakabaki.

Januari ile nilitenda kosa ambalo nimewaona wazazi wengi wakilitenda. Nilinunua seti tatu kamili za vitabu nikajaribu kuendesha madarasa matatu kwa wakati mmoja. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) una masomo 7 kwa Gredi ya 1, masomo 8 kwa Gredi ya 4 na masomo 9 kwa Gredi ya 7. Hayo ni masomo 24, na mwalimu ni mmoja. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeshindwa kushona, watoto wamechoka, na mdogo analia kila akiona daftari. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyajenga baada ya hapo, na mengi yanamfaa mzazi yeyote mwenye watoto wawili au zaidi mezani, hata kama wake wanasoma shuleni na yeye anawasaidia jioni tu.

Hatua ya kwanza: jua sheria, na jua mtihani utafanyiwa wapi

Fanya hili kabla hujanunua hata penseli. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamtaka kila mzazi nchini Kenya ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Zipo familia nyingi zinazofundisha nyumbani, lakini usiingie gizani. Nenda ukazungumze na afisa wa elimu wa kaunti ndogo yako, na ukiweza umwone wakili pia. Mimi nilikwenda na barua ya daktari na kumbukumbu za kliniki. Wanangu wote watatu wameandikishwa katika shule ya jirani iliyokubali wafanyie tathmini zao pale, na kwa hilo ninawashukuru walimu wale kila siku.

Kuandikishwa huko kuna uzito wake. Baraza la Mitihani, KNEC, husajili watahiniwa wa tathmini za kitaifa, yaani KPSEA ya Gredi ya 6 na KJSEA ya Gredi ya 9, kupitia shule. Isitoshe, mtihani wa mwisho ni sehemu tu ya alama. Mwishoni mwa Gredi ya 6, KPSEA hubeba asilimia 40, na asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Mwishoni mwa Gredi ya 9, KJSEA hubeba asilimia 60, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba 20, na KPSEA ya miaka mitatu nyuma hubeba 20 zilizobaki. Mtoto aliyekaa nyumbani tangu Gredi ya 4 bila tathmini hata moja iliyoandikwa atakuta pengo ambalo hakuna wa kulijaza.

Anayetaka njia ya Cambridge, yaani mtaala wa Uingereza, hana shida hiyo ya alama za kila mwaka. Mtihani wake wa IGCSE unaweza kufanywa na mtahiniwa wa kibinafsi kupitia British Council au kituo kinachopokea watahiniwa wa nje, kwa misimu ya Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Ila ada za mtihani hulipwa somo kwa somo. Zipigie hesabu sasa kwa watoto wote, usingoje kifungua mimba afike huko.

Hatua ya pili: mpime kila mtoto somo kwa somo, usiangalie umri

Tenga asubuhi mbili. Usiwaambie ni mtihani.

Kwa kusoma, mpe mtoto ukurasa mmoja wa hadithi ya gredi yake akusomee kwa sauti, na wewe ukunje kidole kila anapokwama kwenye neno. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kigumu kwake kwa sasa. Shuka gredi moja, ujaribu tena. Mwishowe mwombe akusimulie alichosoma. Wapo watoto wanaotamka kila neno sawasawa na hawajui kilichotokea katika hadithi.

Kwa hesabu, anzia vitabu vya gredi mbili nyuma. Chukua maswali ya kujipima ya mwisho wa kila mada, upande nayo mpaka ufike mahali anapokosa karibu nusu. Hapo ndipo utakapoanzia kufundisha, hata kama jalada la kitabu lina namba inayokuumiza moyo.

Mimi niliumia kweli. Wa kati, aliyetakiwa kuwa Gredi ya 4, alisoma Kiswahili cha Gredi ya 2. Kwenye hesabu alipita hadi za Gredi ya 5, kwa sababu siku zote alizokuwa hawezi kwenda shule alikaa kando ya cherehani yangu akinisomea utepe wa kupimia na kunihesabia vifungo. Kifungua mimba, ambaye sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo, alikuwa hajui kujumlisha sehemu (kama nusu na theluthi) zenye asili tofauti. Alikuwa amelificha hilo kwa miaka miwili. Kama ningewapangia vitabu kwa umri wao, ningewakosea wote wawili.

Andika matokeo kwenye karatasi moja, majina juu, masomo pembeni. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia nini cha kununua.

Hatua ya tatu: tenga masomo ya ngazi na masomo ya sinia

Hili ndilo lililoniokoa.

Yapo masomo yaliyo kama ngazi. Huwezi kukanyaga kipandio cha tano bila kupita cha nne. Hesabu ni ngazi, na kujifunza kusoma na kuandika ni ngazi, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kila mtoto awe na ngazi yake, apande kwa mwendo wake, na kitabu chake kiwe chake.

Mengine ni ya sinia. Pwani tumezoea kuketi mkeka mmoja, tukala sinia moja, kila mtu na ukubwa wa tonge lake. Mazingira, sayansi, kilimo, maarifa ya jamii, dini, sanaa na michezo, yote haya yanaweza kuwekwa katikati. Mada ni moja, safari ya kwenda kuangalia ni moja, mazungumzo ni ya wote. Kinachotofautiana ni kazi ambayo kila mtoto anafanya baada ya hapo.

Ukitenga hivyo, yale masomo 24 yanabaki ngazi tisa, yaani hesabu, Kiswahili na Kiingereza kwa kila mmoja wa watatu, pamoja na sinia moja ya siku. Hiyo ni kazi mama mmoja anaweza kuifanya na bado akamaliza gauni la mteja.

Kuna mpaka wa kuangalia. Kuanzia Gredi ya 7, Sayansi Jumuishi na Masomo ya Awali ya Kiufundi huanza kuwa na vipande vya ngazi ndani yake. Fomula, vipimo vya maabara na michoro ya kiufundi haviwezi kungoja siku vitakapoangukia kwenye sinia. Mpe mkubwa vipindi viwili au vitatu vya peke yake kwa wiki kwa ajili ya hayo.

Hatua ya nne: sasa chagua mtaala, na ununue kidogo

Kwa wengi wetu Kenya, uti wa mgongo ni miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala. Inapatikana bure kwenye tovuti yao, gredi kwa gredi na somo kwa somo. Wazazi wengi hukimbilia kitabu cha kiada na hawausomi muundo wenyewe, ilhali muundo ndio unaokuambia mtoto anatakiwa aweze kufanya nini. Kitabu ni njia mojawapo tu ya kumfikisha. Ukinunua kitabu, hakikisha kimo katika orodha ya KICD ya vitabu vilivyoidhinishwa, ile inayojulikana kama Orange Book, na uangalie ni toleo la lini. Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa na mengine yakaunganishwa, kwa sekondari msingi kutoka 14 hadi 9, kwa hiyo vitabu vya zamani vinavyouzwa kwa bei nafuu barabarani huenda havilingani tena na masomo ya sasa.

Mitaala inayotoka nje ina nguvu na udhaifu wake, na idadi ya watoto ulionao hubadilisha hesabu. Mtaala wa ACE (Accelerated Christian Education), ulioanzia Texas mwaka 1970, unatumiwa na familia nyingi za Kikristo zinazofundisha nyumbani. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto anajisomea, anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, na anatakiwa apate angalau asilimia 80 kwenye jaribio ndipo aendelee. Mzazi mwenye watoto wengi hupumua, kwa kuwa mkubwa hamngoji. Lakini kila kitu ni kusoma, tena kwa Kiingereza, na mtoto huandika ndani ya kijitabu chenyewe, kwa hiyo mdogo wake hawezi kukirithi. Imani nayo imefumwa katika kila somo. Familia isiyo ya Kikristo ilifikirie hilo mapema. Kwa maoni yangu unamfaa mtoto wa miaka 12 au 13 anayependa kusoma peke yake. Mtoto wa miaka 6 anahitaji sauti na uso wa mtu mbele yake.

Usichanganye mitaala miwili kwenye ngazi moja. Mpangilio wa hesabu wa mtaala mmoja huacha sehemu za desimali zije baadaye, mwingine huzileta mapema, na ukirukaruka mtoto atapita katikati bila kukutana nazo. Kwenye sinia changanya upendavyo. Mimi kwa sayansi huwasomea pia vitabu vya shule ya msingi vya Tanzania vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na wa kati, ambaye Kiingereza kilikuwa kinamzuia kuuliza, alianza kuuliza maswali mengi mara tu tulipolizungumza jambo kwa lugha anayoota nayo.

Nilichonunua mimi hatimaye ni kitabu cha hesabu kwa kila mmoja, kitabu cha Kiswahili na cha Kiingereza kwa kila mmoja, na cha Sayansi Jumuishi kwa mkubwa. Basi. Majibu yote huandikwa daftarini, ili kitabu kiteremke kwa anayefuata.

Hatua ya tano: andaa sinia

Tandaza miundo ya gredi zote kwa pamoja sakafuni. Kwa kila muhula tafuta mada nne au tano zinazogusana. Usitafute mada inayofanana kwa jina, kwa sababu mara nyingi haipo. Tafuta kitu kimoja cha kweli, kilicho karibu na kwenu, ambacho kila gredi inaweza kuingia kwa mlango wake. Mkulima wa Nyandarua atatumia shamba la viazi. Anayeishi Kisumu ana ziwa. Sisi tuna mikoko.

Tuliifanya mikoko kwa wiki mbili. Siku ya kwanza tulipanda matatu mpaka Mida, Watamu, maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya miti. Nilikuwa na kazi moja tu siku hiyo, kuwatajia majina. Mkoko ndio ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu ni ule uliozungukwa na vijiti vilivyochomoza topeni kama penseli, navyo ni mizizi inayopumua. Mkandaa, muia na mlilana tulivitafuta kwa kusaidiwa na mzee mmoja anayelinda pale.

Tuliporudi, kila mtoto akapata tonge lake.

Kitinda mimba alikuwa amelamba jani la mchu na kukuta lina chumvi, jambo ambalo bado analisimulia kwa kila mgeni. Kazi yake ilikuwa kuchora mti wenye mizizi ya penseli, kuhesabu mizizi hiyo kwa makumi, na kuandika maneno matatu chini ya picha: mti, tope, chumvi. Hiyo ni Mazingira, hesabu na kuandika kwa nusu saa.

Wa kati alishangazwa na mbegu za mkoko zinazoota zikiwa bado zimening'inia juu ya mti wa mama. Aliandika sentensi sita kueleza kwa nini mche ulioota tayari una nafasi nzuri zaidi ya kushika tope kuliko mbegu kavu. Sentensi sita kwake zilikuwa mlima, na alizimaliza kwa kuwa alikuwa na la kusema. Kisha nikampa saa za maji kujaa na kupwa za siku nne mfululizo. Maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, naye akakisia saa za siku ya tano kabla hatujaenda kuangalia.

Kifungua mimba alikuwa na mada ya michanganyiko kwenye Sayansi Jumuishi. Tukachukua lita moja ya maji ya bahari, akaichuja, akaichemsha mpaka ikakauka, akapima kilichobaki kwa mizani ya jikoni. Akapata gramu 31. Maji ya bahari kwa kawaida yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo akatafuta asilimia ya tofauti, karibu 11, na akaandika sababu mbili zinazoweza kuieleza. Kwa maarifa ya jamii alisoma kuhusu Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, mradi ulioanza mwaka 2013, ambapo wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa, na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Akaandika barua ya mazoezi kwa chifu wetu akimshauri jambo kama hilo hapa. Na usiku mmoja alituketisha sote uani akatueleza bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kwa chungwa, limau na tochi. Mdogo wake wa miaka 6 alielewa kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana. Hilo kwa Gredi ya 1 halimo kwenye muundo, na hakuna ubaya.

Unapoandaa sinia yako jiulize kwa kila mtoto: mdogo atagusa na kutaja nini? Wa kati atapima na kueleza nini? Mkubwa atahoji na kuthibitisha nini? Ukikosa jibu la mmoja wao, mada hiyo haijaiva. Iache, tafuta nyingine.

Ukiwa na muda mchache, kitambaa kimoja chaweza kutosha. Ijumaa mimi hutandika kanga mezani. Kitinda mimba anatafuta umbo linalojirudia kwenye pindo. Wa kati anapima: sentimita 150 kwa 110, mzingo sentimita 520. Mkubwa anatafuta mji, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga, umechukua sehemu gani ya eneo lote. Kisha wote wanabishana kuhusu maana ya jina lililoandikwa pale, na hicho ni kipindi kizuri cha Kiswahili.

Hatua ya sita: panga zamu, mdogo kwanza

Mtoto mdogo hawezi kungoja. Ukimwambia "subiri kidogo, namaliza na dada yako," atalisubiri jambo hilo kwa kuvunja kitu. Mhudumie kwanza, ashibe macho yako, kisha atakwenda kucheza kwa amani.

Yetu inakwenda hivi. Saa 2:00 asubuhi tunaketi pamoja nusu saa, tunaomba, nawasomea kwa sauti kitabu kimoja kwa wote. Saa 2:30 ni zamu ya kitinda mimba kusoma na hesabu, mkubwa akiwa na maswali yake ya hesabu na wa kati akinakili na kuandika. Saa 3:00 nakaa na wa kati. Saa 3:30 uji. Saa 4:00 nakaa na mkubwa kwa dakika 40, wadogo wakiwa uani. Kisha saa moja ya sinia. Saa 6:00 mchana nimerudi kwenye cherehani. Shuleni kipindi ni dakika 30 kwa gredi za chini, 35 kwa za kati na 40 kwa sekondari msingi, lakini hapo mwalimu ana watoto 50. Wewe una mmoja mbele yako. Dakika 20 za kweli zinatosha kwa mdogo.

Maswali ya katikati ndiyo yanayoharibu zamu. Nilimpa kila mtoto vizibo vitano vya soda. Ukikwama, weka kizibo juu ya swali hilo, nenda la pili. Zamu yako ikifika tunaanza na vizibo. Mara nyingi nikifika nakuta wameshaondoa viwili wenyewe.

Hatua ya saba: usimgeuze kifungua mimba kuwa mwalimu

Kwa muhula mzima nilimwachia binti yangu mkubwa kazi ya kumsomesha mdogo wake. Alikuwa hodari, mvumilivu, na nilimsifu mbele ya watu. Mwisho wa muhula nilipomketisha na aljebra nikakuta hajasonga. Alikuwa akitoa saa yake nzuri ya asubuhi kwa mwingine kila siku, na hakuwahi kulalamika. Nilimwomba radhi, na ninapendekeza ujichunguze kama nawe hufanyi hivyo, hasa kwa mabinti.

Sasa kipimo ni dakika 15 kwa siku, mchana, baada ya kazi zake kuisha: mdogo humsomea mkubwa hadithi, basi. Kumweleza mdogo jambo humsaidia mkubwa pia kulielewa, lakini awe analichagua, kama ile usiku ya chungwa na limau.

Wala usiwalinganishe kwa sauti. Wa kati alipoanza kupanda ngazi ya kusoma, mdogo wake alikuwa akipanda haraka kuliko yeye. Nilifunika namba za gredi kwenye majalada yote kwa karatasi ya kaki. Kila kitabu kikawa na rangi tu: cha bluu, cha kijani, cha njano. Aibu ikapungua ndani ya wiki.

Siku ambazo mipango haifanyi kazi

Kama una mtoto mgonjwa, au mtoto mchanga nyumbani, au wewe mwenyewe unaumwa, andaa kikapu mapema. Chetu kina hadithi zilizorekodiwa kwenye simu kwa sauti ya bibi yao kwa Kigiriama (Gredi ya 1 hadi ya 3 wana somo la lugha ya mama, na hakuna mwalimu bora kumpita yeye), kadi za kuzidisha, uzi na vitambaa vya kushonea, na vitabu vyepesi ambavyo mtoto ameshavimaliza na anavipenda. Maumivu ya wa kati yakianza, yeye husikiliza akiwa kitandani na mkubwa hushika ngazi zake mwenyewe. Sinia huahirishwa. Siku hiyo naiandika "siku ya kikapu," na sijaribu kuifidia Jumamosi, kwa sababu mwili wake unahitaji Jumamosi hiyo.

Hatua ya nane: tunza kumbukumbu, na urekebishe wiki ya sita

Kila mtoto awe na faili moja. Kila Ijumaa weka karatasi tatu: moja ya hesabu, moja ya kuandika, moja ya sinia, zote zikiwa na tarehe. Usichague zile nzuri tu. Kwenye kadi ya mbele andika vitabu vilivyosomwa na safari zilizofanywa. Afisa wa elimu akija, au shule ikikuomba ushahidi wakati wa tathmini, faili hilo litasema lenyewe. Nilipompelekea mwalimu wa shule yetu faili la wa kati, alishika karatasi za Januari na za Agosti, akaziweka bega kwa bega na kuita wenzake waje kuona.

Wiki ya sita ya kila muhula rudia kile kipimo cha vidole vitano. Ikiwa mtoto amekwama kwenye mada ileile kwa wiki tatu, badili namna ya kufundisha kabla hujabadili mtaala. Zile hesabu za sehemu nilizifundisha kwa kitabu, zikakataa. Nilimpa kifungua mimba mita moja ya kitambaa na mkasi, akazielewa siku mbili. Lakini ikiwa watoto wawili au zaidi wanakikwepa kitabu kilekile, shida ni kitabu. Kiuze, au kigawe.

Mwisho wa mwaka pitia vitabu vya ngazi, futa penseli iliyobaki, rudishia majalada ya plastiki, uvifunge mahali mchwa hawafiki. Kitabu cha Gredi ya 7 kitamngoja wa kati kwa miaka miwili. Siku utakapokifungua tena, kiweke kwanza kando ya muundo wa KICD wa mwaka huo, uone kama mada bado ni zilezile.